Nilikwenda Mji wa Kale Kutazama Boriti

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeifuata kwa miguu yangu.

Mnazijua Jumapili zangu. Tangu kazi ya ukarani inilete Mbaraki kutoka bara, sina pa kwenda wala wa kwenda naye. (Rafiki yangu ni mwenye duka la hapa chini. Huniuzia maziwa.) Leo nikasema sikai ndani. Nikaenda Mji wa Kale kuona nyumba moja kongwe iliyo ukingoni mwa bahari, ya mawe ya matumbawe, mlango wa nakshi na roshani ya mbao. Kwa heshima ya mtaa nikavaa dera, nikajitanda mtandio.

Mlango ulikuwa wazi. Barazani wamejaa wanaume wa kanzu. Nikadhani ni watalii wenzangu. Nikauliza kama naweza kuingia. Mmoja akanipisha kwa upole, akasema wanawake wako juu. Nikasifu moyoni: hata wageni wamepangiwa utaratibu!

Nikavua viatu, nikapanda. Kuta nene, vidaka vya kuwekea sahani za zamani, na juu darini boriti za mikoko zimepangwa safu. Nimeinua shingo nazitazama, mama mmoja akanikumbatia. Akanilaza kichwa begani mwake, akaniambia pole.

Hapo ndipo nilipojua niko matangani.

Ningetoka. Lakini jamani, tangu nihamie huku hakuna aliyenikumbatia. Nikalia. Nililia kwa kwikwi, kamasi na yote, kuwashinda wafiwa. (Wafiwa ndio walionibembeleza.) Nikaletewa maji. Chumba kizima kikawa kinanitazama mimi.

Mjane, bibi mwembamba aliyekaa mkekani, akaniita karibu. Akanishika mkono.

"Mwanangu, nambie kweli, sitakasirika. Alikuoa lini?"

Nikatamani sakafu ipasuke.

"Hakunioa, bibi. Simjui. Nilikuja kutazama boriti."

Akainua macho darini. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaziba mdomo kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, na wanawake wote wakacheka naye, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Zitazame, mwanangu," akasema. "Na yeye alizipenda kuliko alivyonipenda mimi."

Hakuniacha niondoke bila kula. Ameniambia siku ya hitima, ya kumsomea mumewe dua, nisikose, nikae karibu naye.

Naenda. Msinicheke. Ila kama kuna anayejua marehemu aliitwa nani, aninong'oneze kabla ya siku hiyo.