Sifuri Tatu kwa Gustave

Jumanne, 10 Juni. Arua.
Leo nimeweka historia. Nimetengeneza draiva moja, yaani programu inayoendesha kadi zote za mtandao, za duka langu la intaneti hapa Arua na za mshindani wangu Gustave kule Koboko. Kwa akili yangu mwenyewe!
Sawa. Ametengeneza Candiru, binti wa marehemu kaka yangu, mwalimu wa kompyuta na fundi wetu sote wawili. Mimi nilishika tochi.
Kadi zetu ni za mitumba, kila moja na ukoo wake. Zamani kila ukoo ulitaka draiva yake, na kila draiva ilikuja na ugonjwa wake. Candiru kagundua kwamba ndani zinafanana. Yanayofanana kayaweka pamoja, kila ukoo kauachia faili lake dogo. Akanieleza kwa lugha ya tumbo: enyasa, ugali wetu, tunapika sufuria moja, mboga kila mtu yake. Kila alfajiri mashine zote, zangu na za Gustave, zinachota sufuriani kupitia mtandao.
Paswedi kanipa, kwa dharura tu. Mtoto ananiamini. Shauri yake.

Jumatano, 11 Juni.
Gustave kapiga simu. Mkongo huyu hajui salamu bila majivuno. Eti mtandao wa Koboko unakimbia kuliko wetu. Eti sisi Arua bado tunapeleka barua kwa baiskeli za kijijini Ayivu? Nikacheka. Kwa meno tu.
Mjukuu wangu Shakira anaishi hukohuko Koboko kwa shangazi yake. Anaomba chuo cha uuguzi. Fomu inataka kompyuta, simu haikubali, na mwisho ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mwaka jana malaria ilimkosesha. Akikosa na safari hii, shangazi kasema basi, akae sokoni auze mihogo.
Nimemkataza kukanyaga kwa Gustave. Aje kwa babu yake. Ukoo una heshima zake.

Alhamisi, 12 Juni.
Candiru kaenda matangani kijijini Aroi, simu kazima. Nafasi ndiyo hii!
Nikafungua faili la kadi za Gustave nizipunguze mwendo kidogo. Maskini wa Mungu! Jina la kadi, taa za kuwasha, basi. Hata pa kuharibu hakuna. Kila la maana Candiru kalihamishia sufuriani.
Ikabidi niende sufuriani. Nikakuta namba inayoiambia kadi isubiri kiasi gani kabla ya kupokea. Nikaiongezea sifuri tatu. Najua sufuria ni ya wote. Lakini wakati naandika nilikuwa namfikiria Gustave peke yake.

Ijumaa, 13 Juni.
Kompyuta haijali unamfikiria nani.
Asubuhi mashine zangu zote zimekufa mtandao. Shakira kaingia saa sita, vyeti kavikumbatia kifuani. Nikamwambia ni radi. Nje jua kali, wingu hata la dawa hakuna.
Nataka kufuta sifuri, sufuria inafikiwa kwa mtandao, na mtandao nimeuua mwenyewe. Nimejifungia nje, ufunguo uko ndani!
Shakira hakulia. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akinyoosha vyeti kwa kiganja, kimoja kimoja. Afadhali angelia.
Nikampigia Gustave. Kwake pia zote zimekufa. Nilidhani nitafurahi. Nikamweleza habari za mtoto, na radi nikamtajia. Akauliza radi ya saa ngapi. Kisha akasema, "Mzee, iko mashine moja mimi naweka feni juu yake. Tangu juzi haijawaka, alfajiri haikuchota kitu. Leta mutoto."
Alionzi wa bodaboda akatupakia wote wawili. Mimi macho nilifumba hadi Koboko. Gustave alitusubiri mlangoni, feni kwapani. Wateja waliokuja kugomba aliwatoa nje, akampa Shakira kiti chake mwenyewe. Mashine ile ikaamka na draiva ya juzi, nzima. Fomu ikapita, saa kumi na moja inabisha hodi.
Mtoto akamkumbatia Gustave. Halafu mimi. Mimi wa pili!

Jumamosi, 14 Juni.
Candiru karudi, kafuta sifuri, mashine zimefufuka. Kumbe kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya. Sikuambiwa!
Hakupaza sauti. "Baba," akasema, "ulitaka Gustave akose. Shakira ndiye alikuwa karibu kukosa."
Nikamwomba tu asimwambie Gustave. Akasema Gustave alijua tangu Ijumaa, pale nilipotaja radi. Alijua, na bado alitoa feni.
Paswedi kabadilisha.

Jumatatu, 16 Juni.
Gustave kapiga. Kanipa salamu za Shakira vizuri, kiungwana. Kisha kanisomea mwendo wa Koboko. Bado wanatushinda!
Nimefikiri tangu chai ya asubuhi na kosa langu nimeliona. Nilikosea kuongeza. Ile namba ya kusubiri ilifaa niipunguze! Arua ingeruka. Koboko nayo ingeruka, najua, lakini sisi huwa tunafungua duka mapema.
Nimemtumia Candiru ujumbe hivi: Binti yangu, nani alijaribu sufuria yako kwenye mashine zote kwa siku moja na kuthibitisha kwamba inafika kila mahali? Mimi. Hata asante sijasikia. Basi fadhila yangu ilipe kwa kitu kidogo tu: hiyo paswedi mpya, niishike hadi jioni.