Nyota kwa Kila Chupa Tupu

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Mawingu, upepo kidogo.
Mwalimu mkuu ametangaza: darasa la chekechea litakalotengeneza kitu bora kwa vitu vilivyokwisha tumika litahamia chumba cha pembeni. Madirisha mawili! Bomba ndani! Sisi tunapakana na choo mwaka wa pili huu. Mwalimu mwenzangu wa darasa jingine la chekechea, nimwitaye Bi Polepole, anasema watoto wake watashona wanasesere wa vitambaa. Washone! Mimi najenga ngome ya chupa. Nimebuni mchezo: kila chupa tupu, nyota ya karatasi kifuani. Watoto wameruka kama panzi.

Jumanne. Jua kali.
Chupa themanini na tatu kabla ya kengele! Akili ni mali. Bi Polepole amechungulia mara nne, nimehesabu. Chupa zinateleza kidogo na darasa linanukia sabuni. Sikuuliza. Mvuvi haulizi samaki ametoka wapi.

Jumatano. Mvua.
Wazazi langoni. Mama wa mapacha anataka kumjua mwalimu aliyewatuma wanawe kumwaga lita tatu za mafuta ya kupikia. Bibi mmoja amekuta mjukuu amelinywesha ua dawa yote ya kikohozi ya bibi. Ameongeza kwamba tangu hapo ua halijakohoa. Nikamwuliza mjukuu. Akajibu kwamba nilisema chupa tupu, sikusema wangoje ziishe. Hoja nzito.
Mwalimu mkuu ameniambia ninafundisha watoto kutupa wali ili wahifadhi sahani. Wazazi wasiponisamehe kufikia Ijumaa, ngome tuliyoianza ivunjwe. Nimeinamisha kichwa. Kichwani, mpango.

Alhamisi. Kumekucha shwari.
Nimewaita wazazi wote uwanjani kuomba radhi, mbele ya ukuta niliouacha umepinda kwa makusudi. Baba wa mapacha ni fundi mwashi. Alikuja kugomba. Akautazama ukuta. Akasema hasira ni hasira, lakini kupinda namna ile ni aibu, akavua koti. Mkewe akabeba mchanga wa kujazia chupa. Saa kumi ngome imesimama, na bibi wa dawa ya kikohozi ameketi juu ya ndoo, anaimba. Mzazi gani atanishtaki kwa ngome aliyoijenga yeye mwenyewe?

Ijumaa. Jua, anga safi.
Wanasesere wa Bi Polepole ni wazuri. Naandika hapa tu. Lakini watoto wake waliiona ngome, wakakimbia na wanasesere wao hadi kwenye madirisha ya ngome, wakakataa kutoka. Mwalimu mkuu akacheka hadi akashika kiuno. Chumba ni chetu! Bi Polepole amenipa mkono na kuniambia, shoga, safari hii umebahatika. Wivu tu.
Mwalimu mkuu amenionya: nyota mwisho. Nimeitikia. Muhula ujao tunashindania kutumia tena karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Nyota sitoi. Nitatoa taji kwa kila daftari lililojaa, la mtoto au la mtu yeyote nyumbani. Watoto wameshaahidi.
Saa tatu na dakika kumi. Nalala sasa, usingizi wa mshindi.