Maziwa ya Barafu ya Wajane wa Ihumwa

Jumatatu, 4 Machi 1912

Nimepata wazo! Limeletwa na joto. Treni ya kutoka pwani ilisimama stesheni leo, Wazungu wakashuka wekundu kama nyanya, wote wakiuliza kitu cha baridi. Hakuna! Kuna uji wa moto wa Mustapha tu, yule Mrangi mwenye meza ukutani pa stesheni. Wakaunywa huku wanamlaani.

Nilipokuwa mtumishi wa mmishonari kule pwani, niliona maziwa na sukari yakigandishwa kwa barafu. Tamu ajabu. Barafu ipo Dar es Salaam. Treni ipo. Maziwa yapo Ihumwa. Kilichokosekana Dodoma ni mtu mwenye akili.

Lakini sitaki kuwa mchuuzi tu. Mimi ni mtu wa kanisa. Maziwa yatatoka kwa wajane, na faida itawanunulia mtama, maana mavuno bado na maghala yamebaki vumbi. Mke wangu Lydia ameuliza faida yetu sisi iko wapi. Nimemjibu iko mbinguni, na kidogo stesheni.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda Ihumwa kwa Mama Loisi. Mjane, wajukuu tele, ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akasema ng'ombe si wake, ni wa Mzee Matonya, amepewa amtunze, na maziwa ni ya kulisha watoto. Nikamwambia maziwa yatageuka mtama, na mtama hushibisha zaidi. Akasema basi amuulize kwanza mwenyewe. Nikamwambia haina haja, tutamweleza faida ikishapatikana. Akamtazama ng'ombe. Kisha akasema haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma.

Neno hilo limenipendeza njia nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Barafu imefika! Yaani robo yake. Nyingine imeyeyukia njiani, sijui Kilosa, sijui Gulwe. Nimeandika ubao mkubwa: MAZIWA YA BARAFU. UKILA WEWE, MJANE ANAKULA. Mustapha akausoma, akacheka mpaka akaegemea meza.

Nimezungusha chombo cha maziwa ndani ya barafu hadi mkono umekufa ganzi. Hayakuganda. Bwana stesheni, Mjerumani, akaonja kijiko kimoja, akauliza nani amechoma nyumba ndani ya maziwa. Moshi! Vibuyu vyetu tunavifukiza ili maziwa yasiharibike, na mimi tangu nizaliwe nilidhani hiyo ndiyo harufu ya maziwa.

Barafu iliyobaki Mustapha aliiomba. Nikampa kwa dharau. Akaitia kwenye maji ya ukwaju. Treni ilipoondoka hakuwa na tone. Mnyang'anyi!

Jumapili, 10 Machi

Mwalimu alipotaja chumvi katika mahubiri nilipiga kelele kanisani. Chumvi! Mpishi wa mmishonari alikuwa akiitia kwenye barafu, kuzunguka chombo. Lydia amenifinya. Haidhuru. Kesho naagiza chumvi ya Bahi.

Jumatano, 13 Machi

Chumvi ipo, barafu ipo, vibuyu vipya visivyofukizwa vipo. Yameganda! Nimetokwa na machozi mbele za watu. Wazungu wamekula, Wahindi wamekula, makarani wamekula. Hata Mustapha alinunua, akalamba bakuli akijifanya anatazama reli.

Mzee mmoja mwenye shuka la mgolole begani alionja, akasifu, akauliza haya ni maziwa ya ng'ombe gani. Nikamjibu kwa majivuno: ni ng'ombe wa Mama Loisi wa Ihumwa, yule mwenye doa jeupe kwenye paji. Mzee akaweka bakuli chini. Akaondoka bila kuaga.

Mustapha akaniuliza kama namjua. Nikasema simjui. Akasema ndiye Matonya.

Ijumaa, 15 Machi

Matonya amemchukua ng'ombe. Na ndama.

Nimekwenda Ihumwa. Nilitamani Mama Loisi anitukane, hakunitukana. Alikuwa anafagia zizi ambalo halina kitu. Akasema ng'ombe yule alikuja kwa urafiki wa Matonya na marehemu mumewe. Mtu akikupa ng'ombe ulishe watoto, nawe ukawauzia wapita njia maziwa yake, ni sawa na kumwambia watoto wako wameshiba, aje amchukue ng'ombe wake. Alijua hivyo tangu mwanzo. Alinyamaza kwa sababu mimi nimesoma.

Saa ya kukamua ilipofika, mjukuu wake mdogo, Ruthu, alitoka na kibuyu chake, akasimama penye mti wa kufungia ng'ombe. Hakuna aliyemwita. Nimetazama viatu vyangu. Faida yote ya biashara niliyompelekea ni mtama wa kujaa kofia yangu. Ninaona aibu, aibu kabisa. Sijala.

Jumatatu, 18 Machi

Lydia amechoka na kilio changu. Amekwenda na Mama Loisi kwa Matonya, na mtungi wa pombe na jembe jipya, kuomba radhi. Mimi nimeamriwa nikae mbali, nisionekane.

Matonya amekubali! Ng'ombe amerudi na ndama wake. Sharti moja: maziwa yake yasitoke tena nje ya nyumba ile, hata tone. Kisha akamuuliza Lydia ilikuwaje akaolewa na mtu kama mimi. Lydia akajibu kwamba mwaka ule kulikuwa na njaa.

Jumanne, 19 Machi

Nimekwenda kuomba radhi mwenyewe. Ruthu alikuwa anakunywa, mdomo mweupe mpaka puani. Nikapiga magoti, nikalia kweli. Nikaapa mbele ya Mungu na ya zizi kwamba nimekoma. Mama Loisi akaniinua, akasema yamekwisha, mwanangu. Akanipa ugali, akaumiminia samli.

Samli ile! Nimetafuna polepole, nikifikiri. Wazungu wa kwenye treni wanakula mikate mikavu, nimewaona kwa macho yangu. Na Matonya alisema maziwa. Samli hakuitaja.

Nikamuuliza Mama Loisi, kwa upole tu, kwa wiki anasukasuka vibuyu vingapi vya kutoa samli. Akachukua bakuli langu kabla sijamaliza. Akamwita Ruthu ndani, akafunga mlango.

Nadhani hakunielewa vizuri. Kesho nitakwenda kumweleza tena.