Jokofu Linalong'ata Umeme Ukikatika

Redio ya dukani kwa Cuquito ilikuwa imetoka kusoma agizo jipya: kila jengo lenye jenereta au inveta ya betri liwe na ethi yake lenyewe, yaani waya wa kushusha ardhini umeme unaovuja, lisitegemee ile ya umeme wa barabarani. Dhumna zikasimama mezani.

"Hao nao!" Cuquito akafoka kutoka kaunta. "Umeme wenyewe hawatupi, sasa wanataka tuuzike!"

"Agizo la maana," akasema Mhandisi, ambaye kweli ni mhandisi; wengine wanaoitwa hivyo pale mtaani huuza simu. "Umeme ukikatika, swichi yako inakutenga na barabara, ethi yake nayo inakwenda zake. Umeme unaovuja kwenye inveta unabaki kwenye bodi ya jokofu, unatafuta njia ya kushuka chini. Fyuzi haina habari. Habari anazipata shemeji."

"Nazipata sana," akasema Nereida, mke wa Cuquito, akiwa na kandambili zilizolowa. "Lakini jokofu lenyewe lina adabu. Umeme wa barabarani ukiwepo, haling'ati."

"Wewe mke wangu ukauke miguu!"

"Sakafu ya duka la bia itakauka lini, bwana?" akauliza Kibao, bingwa wetu wa dhumna, kwa maelezo yake mwenyewe.

"Halafu ethi ninayo!" akasema Cuquito. "Tazameni!"

Mlangoni, juu ya stuli, kilikaa chungu chenye mmea wa ruda, wa kufukuzia kijicho. Katikati ya majani ilichomoza nondo ya shaba, imefungwa waya wa kijani uliotoka kwenye jokofu.

Mhandisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chungu hakikubadilika.

"Cuquito, hicho ni chungu."

"Kina udongo."

"Kiko juu ya stuli."

"Mzee, sakafu ni zege, niipasue ya nini? Hapa nimeunganisha ulinzi wote."

"Umeme ukishaingia humo?"

"Unatulia."

"Unatulia kama mpangaji!" Kibao akapiga meza.

Hapo feni ikazubaa. Mtaa mzima ukapiga kelele, "Umeondoka!" Inveta ikalia, jokofu likaanza kunguruma upya.

"Cuquito," akasema Kibao kwa upole usio wake, "bia moja kubwa, iliyovaa barafu kama bi harusi."

Nereida akajifuta mikono, akaketi kwenye kiti cha mumewe.

"Mhudumie mteja, mume wangu. Si una ethi?"

Cuquito akatazama jokofu, akatazama maji miguuni. Akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Usiogope, ruda ipo," Mhandisi akamtia moyo.

"Bia baridi," akasema Cuquito hatimaye, "inaharibu koo."

Mtaani kwetu unaweza kumtukania mtu mama yake na kesho ukakaribishwa. Hilo la koo halikuwahi kusemwa.

Cuquito akaingia stoo, akatoka na nyundo na tindo, bila kumtazama yeyote.

"Mhandisi, nipasue wapi?"

Nereida akanyanyua miguu kumpisha.