Niko Njiani Kumleta Mzazi

Ijumaa, 7 Februari 2014

Nimekasirika tangu asubuhi na bado sijapoa. Tarehe mosi Machi natimiza miaka sitini, na kampuni haimpi mtu wa sitini usukani. Miaka kumi na moja nawabeba wafanyakazi wao kwa basi dogo kutoka mtaa wa Najma hadi hotelini, hapa Qatar, sijagonga hata paka. Sasa eti nirudi Kisii nikachunge nini?

Kimebaki kiti kimoja: karani wa kupanga madereva. Ndani, kwenye AC. Mudir, yaani meneja wetu, anataka mtu mwenye hesabu za chuo, hata za kusomea kwenye mtandao, mradi ziwe za kupewa alama rasmi. Nahashon anakitaka. Nahashon huyu huyu niliyemfundisha kurudi nyuma bila kupiga pipa la taka. Nikamwambia mudir mbele yake kwamba mimi nimeshajiandikisha. Mudir akasema vizuri, nilete karatasi Alhamisi. Nahashon akauliza kwa upole, mzee, saba mara nane ni ngapi? Nikamwambia asinijaribu.

Kanisani Mesaimeer nimeomba. Si msamaha. Kiti.

Jumamosi, 8 Februari

Virginia, wa usafi pale hotelini, ana kompyuta. Amenisomea ukurasa wa chuo kimoja cha Marekani. Watu wa karaha. Wanaoruhusiwa kuchukua hesabu kwa alama rasmi ni hawa: aliyemaliza sekondari na ana cheti. Sina. Aliye katika chuo kingine. Siko. Aliye bado sekondari, mwenye barua ya mwalimu mkuu na sahihi ya mzazi au mlezi.

Virginia akafunga kompyuta, akasema pole baba. Nikamwambia fungua. Nani alisema mimi nimetoka sekondari? Mwaka 1971, Kidato cha Pili, nilitumwa nyumbani nimlete mzazi. Sikumleta. Sikufukuzwa, sikumaliza. Niko njiani.

Akanitazama kama maziwa yaliyochacha. Fomu akaichapisha lakini.

Jumatatu, 10 Februari

Nimempigia simu mwalimu mkuu wa sasa, Damaris, binti wa jirani yetu. Nilitaka barua tu, mistari miwili. Yeye akaenda kufukua rejista za zamani. Na jina langu liko! "Cornelius. Ametupa kengele ya shule chooni ili kipindi cha hesabu kisianze. Alete mzazi." Akaniambia mpaka leo wanagonga rimu ya lori.

Anakubali kwamba kwa karatasi mimi bado ni mwanafunzi wake. Barua ataandika. Ila kesi iishe kwanza, mzazi aje. Nikamwambia mama ana miaka sabini na tisa. Akasema atamtumia bodaboda.

Shida ni moja. Mwaka ule nilimwambia mama kwamba nimefaulu mno, walimu wameishiwa cha kunifundisha. Alichinja mbuzi.

Jumanne, 11 Februari

Mama yangu, Nyanchama, amekwenda shuleni na viatu vyake vya kanisa. Amesomewa rejista. Amenipigia kwa simu ya Damaris na hakunisalimu. Ameniuliza, yule mbuzi tulimla kwa sababu gani? Miaka arobaini na tatu anawatambia majirani kwamba Cornelius alimaliza masomo kabla ya wenzake.

Sahihi hatoi mpaka nitoe ile kengele. Nikamweleza kwamba choo kile kilifukiwa zamani. Akasema, basi chimba. Akakata.

Mama mzazi! Kwa utoto wa miaka kumi na saba! Nimepiga teke ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Jumatano, 12 Februari

Nimeisoma fomu upya. Mzazi AU mlezi. Mlezi wangu Qatar ni nani? Kafili, yaani kampuni iliyonileta. Bila sahihi yake siwezi hata kupanda ndege. Pasipoti yangu inalala kwake. Kama hiyo si kulelewa, kulelewa ni nini? Na kalamu ya kampuni anayo mudir.

Mudir hutia sahihi karatasi za mafuta bila kuangalia. Nikaichomeka fomu katikati, pamoja na barua ya Damaris, iliyofika asubuhi kwa kompyuta ya Virginia. Leo akaangalia. Akaisoma kwa sauti: mwanafunzi wa Kidato cha Pili, amesimamishwa kwa utovu wa nidhamu, mzazi amekataa kutia sahihi. Damaris ameandika yote, hata rimu. Nahashon alikuwa mlangoni, akashika fremu asianguke kwa kicheko.

Mudir akauliza, si ulisema umeshajiandikisha? Akasema mwanafunzi wa Kidato cha Pili haendeshi basi, ufunguo mezani. Kiti kapewa Nahashon, papo hapo.

Ijumaa, 14 Februari

Mpaka tarehe mosi ninaosha mabasi. Zamu ananipangia Nahashon. Jana ameniletea chai. Akasema hana ubaya, mzee, atanifundisha hesabu kila jioni, nikifika nyumbani nifanye mtihani wa sekondari kama watu wengine, nipate cheti, chuo kitanipokea wazi wazi. Nikamwambia akafundishe paka wa mtaa wa Mansoura. Chai nimekunywa.

Lakini leo Virginia amenisomea ukurasa wote, mpaka chini kabisa ambako hakuna anayefika. Aliyetimiza miaka sitini na tano anaingia bila cheti, bila barua, bila mzazi. Na alama rasmi anapewa.

Hasira imenishuka mara ya kwanza wiki hii. Nimemwandikia Damaris: rejista ina kosa, mimi si wa 1954, ni wa 1949, arekebishe na muhuri apige. Kengele mpya nimemwahidi.

Ikishafika tu, naingia kwa mudir. Namwekea karatasi mezani, yenye muhuri wa shule, kwamba nina miaka sitini na tano kamili. Asiniletee tena hadithi zake za sitini.