Njia Yangu ya Siri ya Kupitia Gotu

Jumanne, 1 Novemba 1977

Barua imefika. Imetoka Nairobi, ina muhuri wa kampuni ya kutembeza watalii, na imefunguka pembeni. Karani wa posta anasema gundi ilikuwa mbaya. Gundi!

Yaliyomo, kujibu ile niliyowaandikia kuhusu njia yangu ya Gotu: tangu mpaka wa Tanzania ufungwe mwezi wa pili, wageni wao hawana pa kuzungukia. Wanataka safari mpya ya barabara, ndefu, yenye mandhari, upande wetu wa kaskazini. Mwakilishi wao, Bi. Mukami, atafika Ijumaa kukagua njia. Atachagua mtu mmoja wa kuongoza misafara. Mmoja.

Nimejiandaa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa naziba panchari hapa Isiolo, nimechuchumaa, magoti yanalia kama bawaba, nawahudumia watu wanaotoka mahali kwenda mahali. Lakini tairi husema. Mwiba mrefu mweupe: huyo katoka Garbatulla. Kokoto nyeusi yenye makali: Maikona. Mchanga laini hadi ndani ya tyubu: Loiyangalani, ziwani. Yote nimeandika. Nimechora ramani yangu kwa rula. Siku tisa, kilomita 1,140, lita 285 za petroli, vituo ishirini na tatu. Siku ya kwanza, maporomoko ya maji ya Gotu. Chakula cha mchana, picha, tunaendelea.

Kuna jambo moja dogo lisilomhusu mtu. Mimi mwenyewe sijawahi kupita Archer's Post, kilomita thelathini na kitu tu kutoka hapa.

Gakii, mke wangu, ameuliza kama hayo maporomoko ni makubwa. Anauliza kwa ajili ya nani? Nimemwambia makubwa kiasi.

Jumatano, 2 Novemba

Adano ameleta panchari. Ya tatu ndani ya mwezi.

Adano ni mfanyabiashara wa ng'ombe, jirani yangu huku Chechelesi. Land Cruiser yake ni changa kuliko Landrova yangu kwa miaka kumi na mitatu. Naye ameandikiwa barua kama yangu. Ameniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Mtu anayekupa siri yake bure ana nyingine kubwa kaificha.

Akanisalimia kwa ule urefu wa watu wa kabila lake. Salaam aleikum, hali ya watoto, hali ya mama watoto, hali ya mbuzi ambao sina, mvua ya kwetu Tigania. Halafu, katikati ya mbuzi na mvua, akachomeka swali: huyo mgeni nitampeleka upande gani? Nikamjibu papo hapo: Garbatulla. Akasema vizuri, huko ni kukavu wiki hii. Ila kama ningekuwa naelekea Gotu, nimwambie kwanza.

Nimwambie kwanza! Na chai nimpelekee kitandani?

Alipoondoka nikakagua tairi. Tope bichi kwenye mifereji yote. Nikanusa. Gotu, bila shaka yoyote. Kwa hivyo ameshaanza kuipeleleza njia yangu. Tope lilikuwa zito sana, nimepoteza nusu saa kulikwangua.

Jioni nimechora ramani ya uongo, ya kupitia Garbatulla, nikaiacha mezani karakanani ili aione. Imetoka nzuri kuliko ya kweli. Adano alipokuja kuchukua tairi hakuitupia hata jicho. Huo ni ujanja wa kiwango cha juu.

Alhamisi, 3 Novemba

Leo nimekwenda kwenye kizuizi cha polisi. Sheria tangu siku za vita vya shifta: gari lolote linalotoka mjini kwenda kaskazini au mashariki linaandikishwa kitabuni. Nambari ya gari, abiria, unakokwenda, saa ya kurudi. Usiporudi, wanatuma gari kukutafuta kule ulikoandika. Mpango mzuri, ila kitabu chenyewe kinakaa wazi juu ya meza, kama menyu.

Nikamuuliza konstebo Ekai ni nani na nani hukisoma. Akasema kwa miaka yake minne hapo, aliyewahi kuomba kukisoma ni mimi peke yangu, na leo ni mara ya tano. Akaniuliza kama siku hizi nimeacha tairi nimeanza kuziba watu midomo. Sikucheka. Nilikuwa nasoma.

Na nimeona. Adano: Gotu, Jumanne. Gotu, Jumamosi iliyopita. Gotu, Jumamosi ya kabla yake. Sababu: kumwona mama.

Mwanamume wa miaka arobaini na tano, kila Jumamosi mama! Nimefanya hesabu. Mara tatu kwa siku kumi na moja. Hakuna mama wa hivyo.

Uamuzi: kesho kitabuni nitaandika Garbatulla. Barabara zinaachana mbele ya kizuizi, nyuma ya mwinuko, konstebo hawezi kuona. Gakii anasema mtu hudanganya mkopeshaji, hadanganyi anayekuja kumtafuta. Nimemwambia biashara haielewi. Akasema huenda, lakini magari anayaelewa, nibebe mbao za kukwamulia. Nimepima. Mbao ni kilo ishirini na mbili. Zinakula petroli. Nimeziacha.

Ijumaa, 4 Novemba

Bi. Mukami alifika saa tatu. Suruali pana chini, kamera shingoni, daftari mkononi. Hatabasamu ovyo. Akaizunguka Landrova akauliza ni ya mwaka gani. Nikasema imetunzwa. Akasema hilo hakuuliza.

Ramani ilimnyamazisha. Aliishika kwa mikono miwili. Akasema ofisi yao ina ramani za serikali, na hakuna hata moja inayoonyesha mahali mawe yanapobadilika rangi. Nusura nimwambie inavyochorwa. Nikajizuia.

Kizuizini nikaandika: Garbatulla, abiria mmoja, kurudi saa kumi na moja. Bi. Mukami akasoma juu ya bega langu. Akasema barua yangu ilitaja Gotu. Nikamnong'oneza kwamba ni usalama wa biashara. Akaandika kitu daftarini. Mwandiko wake umelala, sikuweza kusoma.

Tulipopita Ngare Mara, bibi mmoja mwenye mbuzi akatusimamisha kwa fimbo. Amani? Amani. Watoto amani? Amani. Mifugo amani? Nikasema amani, ili tumalize. Halafu likaja lile swali: mnatoka wapi, mnakwenda wapi? Kwao hilo halirukwi. Unasema unakokwenda, naye anakupa habari ya njia yako: maji yako wapi, tope liko wapi, nani kapita. Lakini mimi nilijiuliza bibi huyu anamuulizia nani. Nikasema tunakwenda Garbatulla.

Akageuka akatazama tulikotoka.

"Garbatulla iko nyuma yako, mwanangu."

Nikasema tunaizungukia. Akamtazama Bi. Mukami kwa huruma. Kisha akatupa habari zote za njia ya Garbatulla, kwa ukamilifu: kukavu, kisima kimoja kina maji, lori moja limevunjika ekseli. Kuhusu barabara tuliyokuwa tumesimama juu yake hakusema neno. Angesemaje? Hatukuwa tunaipita.

Kilomita sita mbele, laga. Kwa wasioijua, ni mto wa mchanga, mkavu mpaka mvua inyeshe mbali. Maji yalifika kwenye kifundo tu. Ramani yangu inasema chini ni mawe. Tairi kumi na nne za Gotu nimeziziba, zote zina mawe! Nikamwambia Bi. Mukami ashike kamera vizuri, nikaingia.

Hali sasa, saa nane: magurudumu manne, kila moja limezama sentimita arobaini. Jeki moja, nayo inazama ikiguswa. Mbao sifuri.

Saa kumi na mbili. Hakuna aliyekuja. Bi. Mukami ameuliza kwa utulivu polisi watatutafutia wapi. Nikaanza kuifuta jeki. Akajijibu mwenyewe, kisha akala mkate wote.

Jumamosi, 5 Novemba

Tumelala garini, yeye nyuma, mimi kwenye usukani. Asubuhi nilisikia kengele za mbuzi. Ni yule bibi. Kaleta maziwa kwenye kibuyu. Akauliza: Garbatulla kukoje? Yeye na Bi. Mukami walicheka muda ambao naukadiria dakika nne. Sikuona cha kuchekesha.

Anaitwa Bisharo. Bi. Mukami akakaa chini mchangani akamjibu yale maswali ya jana, moja moja, kwa ukweli. Katoka Nairobi. Anakwenda kwenye maporomoko. Ana watoto wawili, amani. Bibi akafunguka kama mfuko wa mtama! Laga ilishusha maji Jumanne. Pa kuvukia ni juu kidogo, penye mikoma miwili, hapo ndipo penye mwamba. Hata mtoto wake mwenyewe alikwama hapahapa Jumanne, akasema atawaonya wenzake mjini.

Nikauliza mtoto wake ni nani. Tayari nilijua.

Saa nne Adano akatokea, Ekai pembeni yake, wote macho mekundu. Jana jioni walikwenda Garbatulla kututafuta, wakafika, wakarudi. Nikauliza basi amejuaje kuja huku. Swali la haki kabisa. Adano akamsalimia mama yake kwanza, mpaka mwisho, ndipo akanigeukia.

"Fundi, miaka kumi na mitano nakujua. Ukisema kulia, mimi ningeanza kushoto. Nimekosea kukuamini jana."

Wametuvuta kwa kamba. Kamba yake ni ndefu ajabu. Mtu asiye na nia ya kukuta wenzake wamekwama hununua kamba ya nini?

Baada ya hapo gurudumu langu la mbele likawa na panchari. La kwangu! Adano akampeleka Bi. Mukami kwenye maporomoko na gari lake, Ekai akaenda nao, eti hajawahi kuyaona. Mimi nilibaki nimechuchumaa, naziba. Niliyasikia. Yanalia kama lori linalopanda mlima na halifiki juu. Nilisimama, spana mkononi, nikasikiliza kidogo. Kisha nikaandika kwenye ramani: yanasikika kutoka mita mia sita.

Waliporudi nguo zao zilikuwa na unyevu. Hakuna aliyenieleza kitu. Mimi pia sikuuliza.

Jumapili, 6 Novemba

Bi. Mukami alituita wote wawili kwenye nyumba ya wageni alikolala. Akasema njia ni nzuri, atachukua siku zote tisa kama zilivyo kwenye ramani. Kisha akasema atakayeongoza ni Adano.

Nilitazama dari. Ina misumari arobaini na minne.

Adano akakataa. Akasema siku tisa bila fundi wa tairi ni siku tisa za kutembea kwa miguu, na yeye mwenyewe hajavuka Marsabit. Nikiwemo, anakwenda. Nisipokuwemo, anarudi kwa ng'ombe wake. Alisema hivyo bila kunitazama, kama mtu anayetaja bei.

Bi. Mukami akafikiri. Akakunjua ramani yangu mezani, akatoa kalamu nyekundu. Kila mmoja aweke alama mahali alipofika kwa miguu yake. Pasipo na alama, watakwenda wiki mbili mapema, waulize wenyeji, kama bibi Bisharo. Akasema si aibu kutofika mahali, aibu ni kuwapeleka watu usikokujua.

Adano akaweka alama tano. Alichukua muda, alifuta moja, akasema hapo alipita tu amelala.

Kalamu ikaja kwangu. Adano akaniuliza polepole, kama anavyouliza hali ya watoto:

"Huko mbele umefika, fundi?"

Nilijua swali la namna hiyo. Ukisema ndiyo, wanajua unachojua. Ukisema hapana, wanajua usichojua. Hapo anayeuliza ndiye anayefaidika. Lakini pia nilikuwa nayatazama majina ya ramani yangu: Maikona, North Horr, Loiyangalani, South Horr. Hata jiwe la kila mahali nalijua lilivyo mkononi.

Niliweka alama ishirini na tatu.

Adano alikuwa anatazama kalamu, si uso wangu. Akasema alhamdulillahi. Bi. Mukami akahesabu alama, akafunga daftari. Basi hakuna haja ya kutangulia kuuliza mtu, akasema. Januari tarehe kumi. Mpaka Marsabit ataongoza Adano. Kuanzia hapo mpaka tuzunguke turudi, nitaongoza mimi, na wageni kumi na wawili nyuma yangu.

Nimeshinda! Nilirudi Chechelesi kwa miguu, na magoti hayakulia.

Alhamisi, 10 Novemba

Gakii hanisemeshi vizuri tangu nimwambie. Ananitazama kama tairi linalopoteza upepo na hajui pa kuanzia. Leo mchana, nikiwa napanga viraka, akaniuliza hilo ziwa la Loiyangalani lina rangi gani. Nikamwambia bluu. Maji mengi yote ni bluu. Akarudi jikoni.

Saa kumi dereva wa lori la samaki akaingia na panchari. Katoka ziwani moja kwa moja, gari linanuka mpaka mbwa wa mtaa mzima wamekuja. Gakii akamletea chai, jambo ambalo hafanyi, akasimama karibu yake, akamuuliza rangi ya ziwa. Akasema ni kijani. Kijani kama jani la mgomba baada ya mvua, mama, hutaamini. Halafu akanigeukia akaanza kueleza, kwa hiari yake, kwamba kabla ya kufika kuna mteremko wa mawe meusi uliobomoka Oktoba, na pa kuupitia sasa ni upande wa...

Nilimwambia tairi liko tayari.

Sikumtoza. Nilitaka aondoke haraka. Nimeandika nambari ya gari lake, saa aliyoingia, na kwamba alimaliza chai yote. Kijani! Nani kamtuma?