Ruta Inapoa

Calvince Odera alikuwa na adabu ya kupita kiasi, na hilo peke yake lingetosha kumtilia mtu shaka. Jumanne aliingia hoteli ya samaki ya Perez pale Dunga, kando ya ziwa, shati jeupe, kitambulisho shingoni kimeandikwa INJINIA, akaagiza soda na kuomba nywila ya Wi-Fi. Soda haijafika nusu alikuwa ameshaiona ruta juu ya friji: kubwa, antena nne, ya kutumia laini ya simu, haina hata mwaka. Akamwita Perez “Mama” mara sita, akalipa, akaondoka akiwa na furaha kubwa.

Tuseme ukweli, alikuwa na haja nayo. Jumamosi alitakiwa nyumbani kwa Mzee Oyugi kule Katito kujitambulisha kama mchumba wa Lornah. Kaka mkubwa wa Lornah, Ochieng, yuko kazini Qatar, na bila yeye kusema ndiyo mbele ya wazee hakuna posa ya kuzungumzwa. Calvince alikuwa amejitapa kwamba ataleta mtandao, wazee wamwone Ochieng kwenye televisheni ya sebuleni. Mama yake Lornah aliitangaza habari hiyo soko zima la Katito. Kumbe Calvince mtandao hana. Na Lornah alimpenda kweli. Hapo tu ndipo hakuwa akifanya ujanja.

Kazi yake yenyewe ilianzia msibani, msiba wa ruta yake mwenyewe. Mwaka uliopita alisoma mahali kwamba ruta hutengenezwa kwa matoleo tofauti ya nchi tofauti, kila toleo na programu yake ya ndani, na kwamba ukiitia ruta programu ya nchi nyingine huenda ikapata nguvu zaidi. Jambo hilo si uongo. Akaitia ruta yake. Taa zikazimika na hazikuwaka tena. Mtu mwingine angelia; Calvince akaona biashara. Tangu siku hiyo alikuwa ameshawatembelea watu watano mjini, akawabadilishia ruta zao uraia, kama alivyopenda kusema. Huondoka na iliyo hai akaiuze, huacha iliyokufa. Ruta zilizokufa huzinunua kwa mafundi wa Kibuye kwa bei ya mahindi ya kuchoma.

Alhamisi akarudi Dunga na begi. Ndani mlikuwa na maiti ya antena nne.

“Mama, hii ruta yako si ya hapa,” alisema kwa huruma. “Ilitengenezewa watu wa Ulaya. Huko nyumba ni ndogo, zimebanana, so wameiambia ndani ya software isisikike mbali. Hapa iko na ziwa mzima na bado inanong'ona.”

Perez akauliza ikiambiwa ipaze sauti itasikika mpaka wapi.

“Mpaka kwa boti.”

Hapo na Perez tamaa ikamshika, tusimfiche. Wageni wanaokwenda kuangalia viboko hukaa kwenye boti wameinua simu juu wakitafuta mtandao, naye aliwaona wote wakimlipa kabla hata hawajang'oa nanga. Akauliza bei. Calvince akasema ni bure, huduma ya uzinduzi. Akafungua laptop, akaibadilisha lugha ya ruta ikawa Kigiriki, herufi zikajaa. Perez alipouliza inasema nini, akajibiwa kwamba inaapa uraia. Kisha akaombwa kitambaa cheupe, na alipogeukia kabati kukitafuta, ruta mbili zikabadilishana mahali.

“Isiguswe masaa ishirini na nne, Mama,” Calvince akasema akiifunika. “Hata usiichungulie. Inapoa.”

Neno lililomkera Perez ni lile la bure. Amekaa Dunga miaka ishirini na hajaona kitu cha bure pale isipokuwa upepo. Lakini mtu akikufanyia kazi na akakataa malipo, humwachi aende na njaa. Kwa hiyo akamwekea samaki mzima, ngege wa mchuzi, na ugali, akamnawisha mikono, na lile begi akalihamishia nyuma ya kaunta lisirukiwe na mchuzi. Calvince alilifuata kwa macho, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaingia kwenye ugali.

Sasa, akina mama wa Dunga wana desturi moja. Asubuhi samaki wakishushwa, makarai hamsini yanayofanana hupangwa ufukweni, na asiyelijua lake huenda nyumbani na la jirani. Kwa hiyo kila mmoja hupaka rangi ya kucha chini ya karai lake. Rangi ya Perez ni nyekundu, na mkono wake ulikuwa umezoea hata akapaka viti, chaja, mwavuli, kila kitu. Akainua ukingo wa kitambaa, akapapasa chini ya ruta, akachungulia. Hapakuwa na rangi.

Alifungua mdomo awaite vijana wa boti, ambao wangemwogesha injinia na shati lake. Lakini Calvince alikuwa akizungumza, maana hakuweza kula bila kujisifu. Jumamosi anaenda kwa wakwe, Katito, kwa Mzee Oyugi. Msichana anaitwa Lornah.

Perez akafunga mdomo. Lornah ni mtoto wa dada yake, alimbeba mgongoni akiwa hajaota meno. Moyo ulimuuma, kisha akakasirika, kisha akamwongezea mgeni mchuzi.

“Kula pole pole, nyathina, mwanangu,” akamwambia. “Ngege iko na miiba mingi.”

Kisha akaibeba ile ruta na kitambaa chake, eti ipoe vizuri, akaenda nyuma ya kaunta, akainama kwa muda.

Jumamosi sebule ya Mzee Oyugi ilijaa. Wazee walikuwa upande mmoja, shangazi upande mwingine, na televisheni imefutwa vumbi. Lornah alisimama mlangoni, macho kwa Calvince, na macho hayo yalimtisha kuliko wazee wote. Calvince akatoa hotuba fupi juu ya teknolojia, akatoa ruta begini, akatia laini mpya, akachomeka. Hakuna taa. Akachomoa, akachomeka tena. Akaigonga kidogo ubavuni. Mzee Oyugi akasafisha koo.

Ndipo Perez akatoka jikoni na birika la kunawia. Calvince alimtambua, akaacha kuigonga ruta. Dada wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile, na ni aibu mkwe kula kwake kabla hajajitambulisha; Calvince alikuwa amekula, mpaka akanyonya kichwa cha samaki.

“Injinia,” Perez akasema kwa upole, “si hii ndiyo ile huwa inapoa masaa ishirini na nne?”

Akaifunika ruta kwa kitambaa kile kile cheupe. Kisha akatoa nyingine kwenye mkoba, akaigeuza wote waione alama nyekundu, akaichomeka. Taa zikawaka zote. Akaeleza mambo yote kwa kifupi, bila kuongeza chumvi, kwa sababu haikuhitajika. Calvince alitazama viatu vyake. Aliposema samahani, sauti yake haikuwa na adabu yoyote ya biashara, na Lornah akalijua hilo, ingawa hakumwendea. Aliuliza tu ni watu wangapi. Watano, Calvince akasema. Lornah akamwambia ayaandike majina yao, na kila mmoja arudishiwe ruta hai kabla yeye Calvince hajamwona Lornah tena.

Lornah akaiunganisha televisheni na simu yake, kamera ikiwaelekea waliokaa, nayo ikanguruma. Ochieng akatokea, kofia ya kazi kichwani, akawasalimu wazee mmoja mmoja, kisha akauliza kama yule kijana aliyekaa kwenye kona ndiye mkwe.

“Ndiye,” Perez akajibu. “Lakini usimwambie ndiyo bado. Tumemwacha apoe.”

Samaki wakaletwa. Calvince akanawa, akala kimya, akitoa mwiba mmoja mmoja.